Mbele ya Nani? Historia ya Shahidi wa Hati, kutoka Waraka wa Pwani hadi Kiapo cha Video

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, Chifu Mangungo aliweka alama yake kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Aliyemletea karatasi hiyo alikuwa Karl Peters, kijana wa miaka 28 aliyewasili Unguja mwanzoni mwa mwezi huohuo na kuvukia bara na wenzake wachache. Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anaijua habari hii. Mangungo alidhani anafunga urafiki, kumbe maandishi yalisema anatoa nchi yake na kila kilichomo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm I akatoa hati ya ulinzi juu ya maeneo ambayo Peters alidai ameyapata, na Wajerumani wakawa wamepata pa kuanzia.

Jambo moja katika karatasi ile halitajwi sana darasani. Mwishoni palielezwa kwamba mkataba umefungwa kihalali mbele ya mashahidi wengi. Mashahidi hao walikuwa watu wa nani? Walijua kusoma Kijerumani? Kama Mangungo angetaka kulalamika siku ya pili yake, nani asiye na upande angesimama na kueleza kilichosomwa kwa sauti na kilichorukwa? Hapakuwa na mtu wa namna hiyo, wala daftari la kurejea.

Kazi ya notari, ambaye huku kwetu kwa kawaida ni wakili mwenye muhuri wa Kamishna wa Viapo, ilizaliwa ili kujibu maswali hayo. Ni nani hasa ametia saini? Alielewa alichosaini? Alisaini kwa hiari yake? Na aliyeshuhudia ana maslahi gani? Leo mabunge na mahakama, kuanzia Marekani hadi Afrika Kusini, yanabishana kama mambo hayo yanaweza kuthibitishwa kwa kamera, mwapaji akiwa mji mmoja na mthibitishaji mji mwingine. Anayetaka kuuelewa ubishi huo hana budi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu swali la nani alikuwepo ni kongwe kuliko umeme.

Katika miaka ya 530, Kaisari Justinian wa Constantinople aliletewa kesi ya mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika. Mwanamke huyo aliikana hati iliyokuwa na jina lake. Alipoitwa mwandishi wa hati, mmoja wa watu waliokuwa wakiandikia wengine mikataba kwa malipo, ikabainika kwamba hakuwepo. Kazi alikuwa amemwachia msaidizi. Justinian akatoa sheria: mwandishi awepo yeye mwenyewe hati inapoanza na inapokamilika, asije akaulizwa mahakamani akawa hana la kusema. Akaongeza kwamba hati za Constantinople ziandikwe kwenye karatasi zenye maandishi rasmi mwanzoni, yanayotaja ofisa husika na tarehe. Mambo mawili makubwa ya taaluma hii, yaani kuwepo kwa mthibitishaji na alama ya kuzuia kughushi, yaliwekwa kwa pamoja takriban miaka 1,500 iliyopita.

Taaluma yenyewe ilikomaa Italia. Katikati ya karne ya 13, Rolandino de' Passaggeri wa Bologna aliandika kitabu cha mafunzo ya unotari ambacho kiliongoza kazi hiyo Ulaya kwa karne nyingi. Uingereza, manotari walipewa mamlaka kwa idhini ya Papa hadi mwaka 1533, Mfalme Henry VIII alipokuwa akikata uhusiano na Roma na kumkabidhi Askofu Mkuu wa Canterbury kazi hiyo. Ofisi ya Askofu Mkuu ndiyo inayowasimamia manotari wa Uingereza hadi leo.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuusubiri muhuri wa Kiingereza ndipo ijue thamani ya maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu jambo hilohilo. Inawaagiza wanaokopeshana kwa muda maalumu waandikiane. Mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke maneno ya kuandikwa, na kama hawezi basi msimamizi wake atamke badala yake. Wawepo mashahidi, na wala mwandishi wala shahidi asidhuriwe kwa kazi hiyo. Anayeisoma aya hiyo akiwa na sheria za kisasa mkononi ataona kwamba karibu kila kinga anayoihitaji mtia saini imo: hiari ya mwenye deni, ulinzi wa asiyejiweza, uadilifu wa mwandishi, na macho ya watu wengine.

Unguja ya karne ya 19 iliishi kwa utaratibu huo. Misafara ya pembe za ndovu iliondoka pwani na bidhaa za mkopo, na mkopaji aliweza kupotelea bara miaka kadhaa kabla ya kurudi kulipa. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alifanya safari zake kwa bidhaa za wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Taria Topan. Mtu akikuaga leo na kurudi baada ya miaka mitano, au asirudi kabisa, kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Ndipo waraka ulipofanya kazi yake. Katibu aliandika kwa Kiarabu kwamba fulani bin fulani amekiri kudaiwa kiasi fulani, akataja muda wa kulipa na dhamana iliyowekwa, kisha yakafuata majina ya mashahidi. Jina la mtu liliandikwa pamoja na la baba, la babu na la kabila, kwa kuwa nasaba ndiyo iliyokuwa kitambulisho.

Wenye mashamba ya karafuu walitumia mtindo ulioitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba alimwuzia mkopeshaji shamba lake kwenye maandishi, akabaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda waliokubaliana, na kwa kawaida aliendelea kulitumia huku akilipa kodi. Kwa macho ya nje palikuwa na mauzo, kwa ndani palikuwa na rehani. Mkataba wa namna hii una mwanya mkubwa wa dhuluma kama hakuna aliyeona walichokubaliana, ndiyo maana jina la katibu na la kadhi lilikuwa na uzito sawa na fedha zenyewe.

Wafanyabiashara wengi wa Kihindi walihesabiwa kuwa raia wa himaya ya Uingereza, na tangu mwaka 1866 ubalozi wa Uingereza mjini Unguja ulikuwa na mahakama yake. Wakaanza kupeleka nyaraka zao zikaandikishwe pale. Karatasi ileile iliyoandikwa na katibu kwa Kiarabu sasa iliingizwa katika daftari la ubalozi, ikapata maelezo ya Kiingereza pembeni. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa ya utaratibu, na yalipokelewa bila kelele nyingi kwa sababu katibu na mashahidi hawakuondolewa. Daftari liliongezwa juu yao.

Mombasa na mwambao wa Kenya ulipata somo chungu zaidi. Ukanda wa maili 10, ambao kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar na tangu mwaka 1895 uliendeshwa na Waingereza, uliwekewa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kujitokeza mbele ya ofisa na kuthibitisha dai lake kwa hati au kwa mashahidi. Waliokuwa na nyaraka na waliozoea mambo ya ofisi walipata hati miliki. Wengi wa vijijini ambao ardhi yao ilikuwa ya jamii, au ambao habari haikuwafikia, hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Migogoro ya maskwota wa pwani ya Kenya, inayofika mahakamani na bungeni hadi leo, ina mzizi wake hapo. Utaratibu wa kuthibitisha, hata ukiwa safi kwenye karatasi, huwatupa nje watu ambao hawana njia ya kuufikia.

Muhuri wenyewe, ule wa wino, uliingia pamoja na sheria za Waingereza. Tanganyika ilitungiwa sheria ya manotari na makamishna wa viapo, ambayo leo ni Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania. Kenya ina Sura ya 17 kwa manotari na Sura ya 15 kwa viapo. Nchi hizi zilifuata njia moja muhimu: kazi wakapewa mawakili. Katika miji ya bandari notari alikuwa mtu wa mabaharia pia, kwa kuwa nahodha ambaye mzigo wake uliharibiwa na dhoruba alifika kwake kutoa maelezo ya kiapo mapema, kabla wenye mali hawajaanza kudai fidia.

Kwa mwananchi wa kawaida, safari ya kwa wakili ina sababu zake zinazojulikana. Anakwenda kula kiapo cha kuzaliwa kwa sababu hana cheti. Majina ya cheti cha shule na ya kitambulisho cha taifa yamepishana herufi mbili. Kiwanja kinauzwa. Mtoto anasafiri nje na mzazi mmoja. Wakili akifuata sheria, humwomba kitambulisho, humwuliza kama ameisoma hati na kama yaliyomo ni ya kweli, humwapisha, kisha humwambia atie saini pale pale mezani. Asiyejua kuandika huweka dole gumba, na hati hueleza kwamba alisomewa akaelewa. Halafu wakili hujaza sehemu ya mwisho ya kiapo kwa mkono: jina lake, mahali, tarehe. Muhuri hugongwa mwisho kabisa.

Sehemu hiyo ndogo ya mwisho imeangusha kesi nyingi. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka kamishna aandike kwa ukweli kiapo kimeapwa wapi na lini. Katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, lililoripotiwa mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishikilia kwamba kutaja mahali ni sharti la lazima. Walalamikaji waliokosea hapo walijikuta maombi yao yametupwa kabla hoja zao hazijasikilizwa. Wapo walioona ni ukali usio na maana. Lakini mahali na tarehe ndivyo vinavyomwezesha mtu kubaini uongo: kama hati inasema mwapaji aliapa Arusha tarehe 5, na siku hiyo kamishna alikuwa Dodoma, basi hati inasema uongo.

Tatizo kubwa limekuwa jingine. Mawakili wa Tanzania wamelalamika kwa miaka mingi juu ya vishoka wanaochonga mihuri na kujifanya mawakili. Na kuna hati zinazobebwa na tarishi hadi ofisini, zikagongwa muhuri na kurudishwa bila mwapaji kuonekana. Sheria inasema mbele yangu, karatasi inasema mbele yangu, na hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake. Kwa hati kama hizo, ule usalama tunaoogopa kuupoteza kwa video ulikwishapotea zamani mezani kwetu.

Wamarekani wanalijua hilo kwa gharama. Kwao notari si lazima awe mwanasheria. Ni mwananchi aliyepewa idhini na jimbo lake, na nchi nzima ina manotari zaidi ya milioni 4. Tukio maarufu kuliko yote la notari wa huko ni la usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1923. Rais Warren Harding alikuwa amefariki San Francisco. Makamu wake, Calvin Coolidge, alikuwa nyumbani kwa baba yake katika kijiji cha Plymouth Notch, jimboni Vermont. Saa 8 na dakika 47 usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta, mzee John Coolidge, ambaye alikuwa notari, alimwapisha mwanawe kuwa Rais wa Marekani. Baadaye wanasheria wa serikali wakatilia shaka kama notari wa jimbo ana mamlaka ya kumwapisha kiongozi wa taifa zima. Siku chache baadaye, mjini Washington, Coolidge akaapa tena kimya kimya mbele ya Jaji Adolph Hoehling. Kiapo kilekile, mtu yuleyule. Kilichobadilika ni nani alikuwa mbele yake.

Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya taifa iliyoipa saini ya kielektroniki nguvu sawa na ya wino, na ikaruhusu hata notari atie saini yake kielektroniki. Lakini mhusika bado alitakiwa kufika mwenyewe. Kompyuta iliingia mezani, ila meza ilibaki ileile.

Kisha ikaja kashfa ya nyumba. Baada ya msukosuko wa mikopo wa mwaka 2008, benki zilikuwa zikichukua nyumba za wadaiwa kwa wingi, na kila dai lilihitaji hati ya kiapo. Mwaka 2010 ikafichuka kwamba wafanyakazi wa kampuni za mikopo walikuwa wakisaini maelfu ya viapo kwa mwezi juu ya mambo wasiyoyajua, na manotari wakigonga mihuri kwenye marundo ya karatasi bila kumwona aliyesaini. Oktoba mwaka huo Rais Barack Obama alikataa kusaini mswada ambao ungezilazimisha mahakama zote nchini kutambua uthibitisho wa notari wa jimbo lolote, ukiwemo wa kielektroniki, akieleza kwamba athari zake kwa wenye nyumba zinahitaji kuangaliwa upya. Mwaka 2012 benki kubwa 5 zilikubaliana na serikali ya taifa na majimbo 49 kulipa na kutoa nafuu ya kiasi cha dola bilioni 25. Udanganyifu wote huo ulifanyika kwa karatasi na wino.

Katika hali hiyo ya kutoaminiana, jimbo la Virginia likachukua hatua ambayo hakuna jimbo lililokuwa limeichukua. Sheria yake ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2012, iliruhusu mhusika aonekane mbele ya notari kwa video. Notari alitakiwa awe ndani ya Virginia. Mhusika aliweza kuwa popote duniani, na kazi ikahesabiwa kuwa imefanyika Virginia. Utambulisho uliwekewa masharti makali kuliko ya mezani, na kumbukumbu ya tukio, pamoja na video yenyewe, ikatakiwa kuhifadhiwa kwa miaka isiyopungua 5. Montana ikafuata mwaka 2015, na Texas na Nevada zikatunga sheria zao mwaka 2017.

Utaratibu uliozoeleka katika majimbo mengi unakwenda hivi. Mhusika hupiga picha kitambulisho chake pande zote mbili, na programu hukikagua kama ni halali. Kisha huletewa maswali 5 yanayotokana na kumbukumbu zake za mikopo na makazi, kwa mfano aliwahi kuishi mtaa gani kati ya minne iliyotajwa, na hupewa dakika 2 kuyajibu. Akikosa zaidi ya swali moja, mchakato husimama. Akifaulu, notari hutokea kwenye skrini, humlinganisha na picha ya kitambulisho, humwuliza kama kuna anayemshurutisha, na humwapisha. Wote wawili husaini hati ileile wakiiona kwa pamoja. Hati hufungwa kwa namna ambayo herufi moja ikibadilishwa baadaye, mabadiliko yataonekana. Kila kitu hurekodiwa.

Kilichoyasukuma majimbo yaliyobaki ni ugonjwa. Machi 2020, korona ilipofunga miji, watu walihitaji wosia na hati za uwakala kuliko wakati wowote, na ofisi zilikuwa zimefungwa. Tarehe 19 mwezi huo Gavana Andrew Cuomo wa New York alitoa amri ya dharura iliyoruhusu uthibitisho kwa video ya moja kwa moja: si video iliyorekodiwa mapema, mhusika aonyeshe kitambulisho akiwa hewani, athibitishe kwamba yumo ndani ya jimbo, na nakala ya hati itumwe siku hiyohiyo. Amri ya dharura ilikuja kuzaa sheria ya kudumu iliyoanza kutumika mwisho wa Januari 2023. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria za namna hii. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilipitisha yake mwaka 2023 lakini likaipa serikali hadi mwaka 2030 kujenga mifumo ya usimamizi kabla manotari wake hawajaruhusiwa kikamilifu. Ulaya nako, Ufaransa ilitoa amri ya muda tarehe 3 Aprili 2020, na Estonia ilikuwa imekwisha kuanza mapema mwaka huohuo kuwahudumia raia walio nje ya nchi kwa video, wakiwa ndani ya balozi zao.

Afrika Kusini inaonyesha kinachotokea teknolojia inapotangulia na sheria ikibaki nyuma. Kanuni za viapo za nchi hiyo, za mwaka 1972, zinamtaka mwapaji asaini mbele ya kamishna. Mwaka 2022, katika shauri la FirstRand Bank dhidi ya Briedenhann, benki ilileta viapo vilivyoapwa kwa video. Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwa mbele ya kamishna maana yake ni kuwa naye mahali pamoja, ingawa ilivipokea viapo hivyo kwa kuwa lengo la kanuni lilikuwa limetimizwa. Mwaka 2024 mahakama nyingine, ya Pretoria, ikakataa kutoa tamko la jumla kwamba viapo vya video ni halali. Wananchi wa huko wamebaki na bahati nasibu: kiapo chako kinaweza kupokelewa au kukataliwa kutegemea jaji.

Nyumbani, milango imefunguliwa nusu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, ilitambua saini ya kielektroniki na ikagusa pia uthibitisho wa hati. Kenya, kwa mabadiliko ya sheria za biashara yaliyotiwa saini Machi 2020, ilikubali saini za kielektroniki zenye ulinzi wa juu katika mikataba na hati za ardhi, na mwaka uliofuata ikazindua mfumo wa Ardhisasa. Sheria hizi zimejibu swali la saini. Swali la kuonana ni jingine. Kamishna akiwa Dar es Salaam na mwapaji akiwa Mwanza, wameonana kwa simu ya video, kiapo kimeapwa wapi? Kifungu cha 8 kinataka jibu la kweli, na shauri la Shapriya linaonyesha gharama ya kukosea.

Hata hivyo Mahakama ya Tanzania yenyewe imekwisha kuvuka mto huo kwa upande wake. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu usikilizaji wa mashauri kwa mtandao zinaruhusu shahidi kutoa ushahidi kwa video. Ikiwa maneno ya shahidi aliyeapishwa kwenye skrini yanaweza kumpeleka mtu gerezani, ni vigumu kueleza kwa nini kiapo cha kusahihisha jina kisiweze kuapwa kwa njia hiyohiyo, mradi masharti yawe sawa.

Wanaoumia zaidi na hali ya sasa ni walio mbali. Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis akitaka kumpa ndugu yake mamlaka ya kuuza kiwanja Kigamboni, hutafuta notari wa huko, hupeleka hati kwa ofisi za serikali ya huko ithibitishwe, huipeleka ubalozini, kisha huituma kwa msafirishaji. Oman, Burundi, Rwanda na Malawi zimejiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, unaozifupisha hatua hizo hadi cheti kimoja. Lakini mwenye hati inayokuja Dar es Salaam hupitia mlolongo mrefu, na mlolongo mrefu ndio unaomshawishi mtu kutafuta kishoka.

Lakini mageuzi yakifanywa kwa kunakili tu yatatuletea hasara. Yale maswali 5 ya Wamarekani yanategemea historia ya mikopo, kitu ambacho Watanzania na Wakenya wengi hawana. Sisi tuna kingine: alama za vidole. Kati ya Mei 2019 na Januari 2020 Watanzania walisajili upya laini zao za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, kazi iliyofika hadi kwenye vibanda vya mitaani. Kidole kilichotosha kufungua laini ya simu kinaweza kutosha kumtambulisha mwapaji, na hiyo ni kinga madhubuti dhidi ya sura za kughushi zinazotengenezwa sasa kwa akili unde. Njia ya Estonia nayo inatufaa sana. Mtanzania afike ubalozini Muscat, ofisa ahakiki kitambulisho na kidole chake, na wakili aliyeko Dar es Salaam amwapishe kwa video. Hapo mhusika anaonwa mara mbili, jambo ambalo karatasi ya tarishi haijawahi kulitoa.

Mabunge ya Tanzania na Kenya yanapaswa kuzirekebisha sheria za manotari na viapo kwa maneno ya wazi, na kwa mpangilio ambao historia imeuonyesha. Kwanza daftari: kila uthibitisho, wa mezani na wa video, uingizwe kwenye rejesta moja ambayo benki, msajili wa ardhi na mwananchi wanaweza kuihakiki. Pili, sheria itamke kazi ya video inahesabiwa kufanyika wapi, video ihifadhiwe miaka mingapi, na nani anaadhibiwa ikipotea. Tatu, mwapaji asomewe hati kwa lugha anayoielewa, na usomaji huo urekodiwe. Nne, meza ya wakili ibaki kwa ajili ya mzee wa kijijini asiye na simu janja, ili yaliyowapata watu wa pwani ya Kenya mwaka 1908 yasirudiwe kwa jina la maendeleo. Wosia na mauzo ya ardhi vianze mwisho, baada ya viapo vidogo kuonyesha kama mfumo unashika.

Wakati sheria hizo zikisubiriwa, msomaji ana la kufanya leo. Kabla hujalipia muhuri, tafuta jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania uone kama ana leseni hai. Usimtume mtu na hati yako. Nenda mwenyewe, taka kusomewa usichokielewa, na usaini ukiwa mbele ya wakili. Angalia jina, mahali na tarehe vimeandikwa kabla hujaondoka. Na wakili akikuambia acha tu karatasi utaikuta tayari jioni, ichukue hati yako uende kwa mwingine.